Upepo Ulipoingilia Posa

Niliyasikia mabati kabla sijaona kitu. Yalikuwa ya mlima wa pili, ng'ambo ya bonde, yakigongana kama sahani zinazooshwa na mtu mwenye hasira. Kisha yakanyamaza, yakaanza ya chini yake. Kisha ya chini zaidi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema na nyundo mkononi, jua linanichoma shingo, na pale tulipokuwa hakuna hata jani lililotikisika. Juu yetu anga ilikuwa safi kabisa. Lakini ile sauti ilikuwa inashuka mlima, paa kwa paa, kama mtu anayepita akibisha kila nyumba na kuuliza wanakokaa watu fulani.

Vijana wangu mnaofunga mahema ya sherehe siku hizi, sikilizeni kwanza, ndipo mtazame. Simu zenu zinaonyesha mawingu, na mimi sina ugomvi na simu. Ila simu inakwambia habari za Kigali, na Kigali ni vilima. Upepo unaong'oa migomba ya Gatsata unaweza kupita bila kutikisa pazia moja Nyamirambo.

Mimi ni wa Nyamirambo. Nimeshona na kusimamisha mahema mpaka magoti yangu yalipokataa kupanda ngazi, na mtaani hakuna aliyewahi kuniita kwa jina alilonipa baba yangu. Naitwa Mama Hema. Nilianza kazi kwenye baraza la Mzee Sadiki, fundi cherehani aliyeshona turubai za malori. Mzee huyo alikuwa na ulimi mkali na miwani aliyoitafuta kila asubuhi akiwa ameivaa kwenye kipaji cha uso. Enzi zile hema lilikuwa turubai zito la pamba, nguzo zake miti ya mkaratusi tuliyoibeba mabegani tukipanda mlima. Likinyeshewa, lilikuwa na uzito wa ng'ombe. Leo mna mabomba ya chuma na nailoni nyeupe. Hema zima mnalipakia kwenye gari dogo, mnafika mnacheka. Nawaonea wivu, sitawadanganya. Lakini turubai letu zito lilikuwa halipai kirahisi. Hilo lenu jepesi ni tanga linalosubiri upepo tu.

Siku moja nilimwona Mzee Sadiki akishona mshono wa katikati ya hema kwa uzi mwembamba, hatua ndefu ndefu, kama mtu anayeshonea mtoto nguo ya mwanasesere.

"Mzee, huo mshono utaachia," nikamwambia.

"Ndiyo nataka uachie."

"Mwenye hema akiona?"

"Ataona siku ya upepo. Siku hiyo atanitafuta anishukuru." Akakata uzi kwa meno. "Upepo ukishaingia chini ya hema, hautoki mikono mitupu. Mpe kitambaa aende nacho. Ukimnyima kitambaa, atachukua nguzo, na nguzo ina watu chini yake. Sasa nipe miwani yangu."

"Unayo kichwani."

"Najua!"

Nilimwona kama mzee mvivu anayejitafutia sababu. Hata hivyo nikamfuata, kwa kuwa baraza lilikuwa lake, na kila hema nililoshona baadaye nililiachia mshono mmoja dhaifu katikati. Wenzangu wa biashara walikuwa wakiuchungulia na kunong'ona kwamba macho ya Mama Hema yamekwisha.

Jambo jingine, kabla sijawarudisha Gatsata, nilikosikia yale mabati. Msifunge kamba ya hema kwenye kitu chenye magurudumu. Mnacheka, lakini ngojeni. Kule Nyarutarama tulipewa kazi kwenye jumba ambalo ua wake wote ulisakafiwa kwa mawe, hapakuwa na nafasi ya kupigilia hata kigingi kimoja. Kalisa, msaidizi wangu, jitu lenye mikono kama makasia na moyo wa kuku, akafunga kamba za upande wa bustani kwenye gari lililoegeshwa kivulini. Kazi safi, fundo zuri. Katikati ya sherehe mwenye nyumba akamtuma dereva keki. Dereva akaingia garini, akawasha, akaondoka. Keki ilikuwa mjini, basi hema nalo likaondoka kuifuata. Wageni walibaki wamekaa juani wameshika glasi zao, wakikitazama kivuli chao kikitoka getini. Kalisa alikimbia nyuma ya gari akilia, "Dereva, ngoja! Iko harusi yetu hapo!" Tangu siku ile tulibeba mapipa ya maji ya kufungia kamba kila mahali penye sakafu.

Haya, Gatsata.

Ilikuwa posa, au gusaba kama tunavyoiita huku, ya binti anayeitwa Solange. Kwao ni juu ya barabara, kwenye mteremko unaotazama bonde lote, uwanja mzuri wa kupiga picha na mbaya wa kusimamisha hema. Tulisimamisha mawili yakitazamana kama desturi inavyotaka: moja la wenyeji, jingine la wakwe waliokuja kuomba. La wenyeji liliegemea nyumba. La wakwe lilikaa ukingoni, mgongo wake bondeni. Kalisa na mimi tulipigilia vigingi mpaka mikono ikafa ganzi.

Aliyemlea Solange ni baba yake mdogo, Muzehe Gasana, na ndiye aliyekuwa msemaji wa wenyeji. Mnajua kazi ya msemaji. Wakwe wanasema wamekuja kuomba binti, yeye anasema hamjui binti huyo. Wanasema wameleta ng'ombe, anauliza kama ng'ombe hao wanajua njia ya kurudi kwao. Anawazungusha, anawachekesha, anawatia adabu, na hawatakiwi kukasirika wala kuinuka mpaka atamke kwamba wamepewa. Gasana alikuwa bingwa wa mchezo huo, mabinti wa watu wengi wametoka kwao kupitia kinywa chake. Huyu alikuwa wa kwake mwenyewe, na hakuwa na mwingine. Asubuhi ile, nikiwa nafunga kamba, nilimkuta nyuma ya jiko akitembea huku na huku, akijisemea maneno yake kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukipanda na kushuka.

"Muzehe, utawatesa sana?" nikamuuliza.

"Mama Hema, leo wataondoka hapa wamejifunza Kinyarwanda upya," akasema. "Nimeyaandaa tangu mtoto huyu alipoanza kusema."

Wakwe walipokwisha kuketi na mchezo kushika kasi, nami niko nyuma ya hema, ndipo nikasikia mabati.

Nilimtazama Kalisa, naye alikuwa amesikia. Bonde lilikuwa linabadilika rangi. Vumbi jekundu lilikuwa limesimama juu ya Nyabugogo kama ukuta, na nyuma ya vumbi weusi. Nikaziacha kamba, nikapita katikati ya mahema mawili, mahali asipopita mtu, na nyundo yangu mkononi.

"Wazee, mnisamehe," nikasema. "Upepo mkali unakuja. Wageni watoke chini ya hema, sasa hivi."

Kisha hema zima la wakwe likapasuka kwa kicheko.

Walidhani ni mchezo. Wenyeji kuwatilia wakwe vikwazo ni sehemu ya utamu: mara atatokea bibi kudai aliahidiwa shuka, mara kijana atajifanya ndiye mchumba wa kwanza. Sasa ametokea mwanamke mwenye nyundo anatisha watu kwa upepo! Msemaji wao, Muzehe Karekezi, mzee mrefu mwenye sauti ya kengele, akainuka na kuniinamia.

"Mama, tumekusikia," akasema. "Wenyeji wetu wametunyima viti vya mbele, tukavumilia. Wametunyima kinywaji, tukameza mate. Sasa wameajiri upepo utufukuze. Hata huo upepo, mwambieni tumemletea ng'ombe wake!"

Makofi. Vigelegele. Mama mmoja wa upande wao akapaza sauti, "Hatuinuki! Tumefuata binti, tutaondoka naye!"

"Si mchezo," nikasema. "Wallahi si mchezo."

"Anaapa vizuri!" mtu akasema nyuma, wakacheka zaidi.

Muzehe Gasana aliugeukia uso wangu. Alikuwa amezoea kusoma nyuso, akausoma. Akatazama bonde. Akainuka, akatupa fimbo yake, akasema, "Ndugu zangu, niliyokuwa nayasema tangu asubuhi ni mchezo. Sasa nasema kweli. Inukeni mwingie nyumbani."

Ole wake bingwa! Kicheko kilichofuata ndicho kikubwa kuliko vyote. Karekezi alijifuta machozi. "Yampaye inka!" akashangaa, kwa kiapo cha aliyempa ng'ombe. "Muzehe, wewe ni hodari. Unataka tuvuke kizingiti kabla hatujapewa, kisha useme wakwe hawa hawana adabu, warudi kwao. Mtego huo alitegewa babu yangu. Hatuingii."

Na kweli, wanangu, wangeingiaje? Kila mtu pale alifunzwa tangu utotoni kwamba mkwe haingii mlango wa binti kabla hajapewa. Walikuwa wanashika adabu. Walikuwa wamekaa wima wima kwenye viti vyao vya plastiki, wamevaa mishanana yao mizuri, zile nguo za sherehe zinazofungwa begani, wazee kwa mama wajawazito, chini ya kitambaa chepesi na mabomba ya chuma ukingoni mwa mlima, wamekaa kwa sababu ya heshima, na sauti ya mabati ilikuwa imefika kwenye gereji za barabarani chini yetu. Pembe ya hema ikainuka mara moja, ikatua. Kama pua ya mnyama anayenusa.

Nilimwona Gasana akifumba macho. Yale maneno yote, miaka yote. Akafumbua, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya msemaji hata kidogo, sauti ya mtu aliye shambani anayemwita mtoto:

"Solange tumewapa. Tumewapa, ni wenu. Ingieni ndani!"

Hapakuwa na aliyecheka. Neno hilo halichezewi. Karekezi alibaki kinywa wazi, mkono hewani, kwa sababu alikuwa bado na hoja zake za asubuhi nzima na hakuna aliyeziomba. Kisha akazinduka. "Mmesikia," akawaambia watu wake. "Tumepewa. Ingieni!"

Wakainuka wote pamoja, viti vikaanguka. Vumbi lilitufikia wakiwa njiani. Sijui kuwaelezea upepo ule isipokuwa kwamba ulikuwa na mabega. Ulinisukuma kama mtu anavyokusukuma kwenye foleni. Vikapu vya zawadi viliruka, kofia, majani ya migomba, kipande cha bati kilichopita juu yetu kikipinduka polepole kana kwamba hakina haraka. Mlango wa nyumba ulimeza watu. Nilisimama hapo nikiwavuta kwa mikono, wa wenyeji, wa wakwe, sikuchagua.

Nilipogeuka nikamwona Kalisa ameshika nguzo.

Kosa hilo ndilo linalonifanya nizungumze nanyi leo, basi tegeni sikio. Upepo ukija, mkono wa mtu wa mahema unakwenda kwenye nguzo wenyewe. Umeisimamisha kwa jasho, unataka kuilinda. Lakini hema lililojaa upepo haliwezi kushikwa na mtu, awe mkubwa kama Kalisa. Hema si mbuzi.

"Achia!" nikamwita.

"Mama Hema, hakuna shida! Mimi iko nashika!"

"Kalisa, achia!"

"Ikienda, itaanguka kwa nyumba!"

Vigingi vya upande wa bonde vilichomoka kimoja baada ya kingine, tup, tup, tup. Hema likavimba, na miguu ya Kalisa ikaacha ardhi. Niliiona kwa macho yangu, viatu vyake vikining'inia juu ya majani, na nyuma yake mteremko na bonde lote la Gatsata. Nilimwita Mungu kwa lugha zote ninazozijua.

Kisha kukatoka sauti kama shuka jipya linalochanwa dukani. Mshono wa katikati uliachia, kutoka mwanzo hadi mwisho, uzi mwembamba wa hatua ndefu ndefu. Upepo ulipita katikati ya hema ukachukua kitambaa chake, ukaenda nacho. Nguzo zilianguka pale pale zilipokuwa, na Kalisa akaangukia makalio kwenye maua ya mama mwenye nyumba. Alikaa hapo anatazama mikono yake mitupu. Kisha akaja mbio, nikamvuta ndani, tukaufunga mlango kwa migongo yetu sote wawili, mvua ikiwa tayari imeanza kupiga.

Chumbani tulikuwa tumebanana kama nafaka guniani. Juu yetu mabati yalinguruma, lakini paa la nyumba ile lilifungwa kwa nyaya hadi kwenye kuta kama tunavyohimizwa sote, halikusogea. Watu walianza kuitana majina. Fulani yupo? Yupo. Na mama fulani? Huyu hapa, amenikanyaga. Kila jina lililoitwa liliitika. Sijawahi kusikia muziki wa harusi uliozidi huo. Nilikaa chini sakafuni, miguu ya watu ikinizunguka, nikacheka peke yangu. Kalisa akacheka kwa kuwa mimi nacheka, kisha tukawa tunalia wote, nusu ya chumba.

Upepo haukukaa. Ulipita juu yetu ukashuka upande wa pili na kutuachia mvua ya kawaida. Hapo Muzehe Karekezi akakohoa kidogo. Alikuwa amebanwa kati ya kabati na dada mkubwa wa Gasana, bibi mzee sana, lakini alijinyoosha kadiri dari lilivyoruhusu.

"Muzehe Gasana," akasema. "Neno ulilotupa huko nje ulinyang'anywa na upepo. Ukoo wetu hauoi kwa wizi. Tunakurudishia binti yako. Tunyime tena, tuombe kama watu."

Kile chumba! Watu walipiga makofi wakigongana viwiko. Gasana akasimama katikati, vumbi limemfanya mwekundu mpaka nyusi. Alipandisha mkono wake kama nilivyomwona nyuma ya jiko. Tukangoja.

Mkono ukashuka.

"Hayapo," akasema. "Nilikuwa nayo mengi. Natafuta, hayapo." Akatabasamu kwa aibu kama mwanafunzi. Kisha macho yake yakaangukia miguu ya bwana harusi. "Wewe kijana. Mbona una kiatu kimoja?"

Bwana harusi, kijana mpole ambaye kwa desturi alikuwa hajaruhusiwa kusema lolote tangu asubuhi, akamtazama Karekezi kwanza.

"Mjibu," Karekezi akasema.

"Kimebaki nje, muzehe. Nilirudi kumbeba shangazi. Alikuwa amelala kwenye kiti."

"Sikulala!" akasema yule bibi kutoka ubavuni mwa kabati. "Nilikuwa nasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Na kijana mwenyewe amejipaka manukato mengi, nimepiga chafya njia nzima."

Gasana alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayeweka mayai kikapuni: "Nilikuwa na maswali. Hilo lilikuwa la mwisho kati yake, na nyie mmelijibu. Tumewapa."

Ndipo akaitwa Solange kutoka chumba cha ndani, akatoka na mshanana wake mkavu, mtu pekee msafi nyumbani mle, tukapiga vigelegele mpaka mvua ikasikika ndogo.

Kitambaa changu kilipatikana kwenye gereji ya chini, kimefunika injini mbili. Mafundi walikirudisha kimekunjwa vizuri na kina mafuta kila mahali. Nilikishona tena, na katikati nikatumia uzi ule ule mwembamba. Mzee Sadiki alikuwa amekwisha kufa zamani, hakuna niliyeweza kwenda kumshukuru. Nikaacha kazi baada ya misimu michache, nikiwa na watu wote niliowahi kuwaweka chini ya hema, hakuna niliyempoteza, na usiku nalala. Hilo tu ndilo ninalowaombea nanyi: siku ya kuweka nyundo chini, muwe mnalala.

Lakini siku ile ya posa, ilibidi wawahi kanisani alasiri ile ile. Mvua ilikuwa imekatika, magari yakawashwa barabarani, watu wakatoka wakiruka madimbwi, wakicheka kwa sauti ya juu kupita kiasi kama wafanyavyo walionusurika. Mimi nilikuwa nje nakusanya mabomba. Solange alitoka wa mwisho. Akasimama kizingitini, ameshika pindo la nguo yake, mgongo wake kwa uwanja uliovurugika, akimtazama baba yake mdogo ambaye hakuwa anasogea.

"Baba," akasema, "unakuja kanisani?"

"Nakuja nyuma yenu. Nanawa uso kwanza."

"Ulikuwa unataka kusema nini, yale maneno yako?"

Gasana akamgeuza kwa mabega, kwa upole, akamwelekeza kwenye magari.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda upesi, kabla hayajanirudia."

Akashuka ngazi. Muzehe alimsubiri afike chini, kisha akaufunga mlango.